Leso ya Stella

Tottenham

Neema mjukuu wangu,

Hujambo, mama? Sisi huku tu wazima, ila babu yako na goti lake. Mwenzako amechaguliwa kupiga piano shuleni, nawe waniuliza wivu huisha lini.

Nilipokuwa msichana, mimi na dada yangu Stella tulijifunza kipande kimoja cha piano, cha Wazungu wa kale, cha polepole kama usiku wenyewe. Kanisa likamchagua yeye akipige mbele ya watu. Niliketi nimenuna, moyo ukiniwaka.

Karibu na mwisho kipande kile kina kimya kirefu. Stella alipofika hapo, akina mama wakadhani amemaliza. Vigelegele! Wakamfunga leso mpya kuanzia mabegani, mikono ikabaki ndani, na watu wote wakakimbilia chai. Stella akaninong'oneza, "Malizia wewe."

Nikamalizia. Hakuna aliyesikiliza ila yeye, machozi yakimtoka.

Wivu kuisha? Leso ile bado anayo. Nikienda kwake Peckham, huitafuta kwa macho kabla sijamsalimia. Naye hunikalisha kwenye piano, haombi mwanzo wala katikati. Hutaka nimpigie ule mwisho tu.

Ni mimi,
Nyanya yako