Shavu la Baba

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila paka kazalia kwenye kikapu cha vitambaa, basi wateja wa baba wanasubiri suruali zao.

Sasa acha kununa, unisikilize. Baba hakukukatia simu! Si unamjua, anaongea huku anashona, simu kaibana kati ya shavu na bega. Maongezi yakirefuka, shavu linateleza mpaka kwenye kitufe chekundu. Fundi simu anasema kioo hujizima chenyewe kikiwa sikioni, lakini baba kabandika kombo protekta ya kulinda kioo, ikaziba kijicho kinachokizima. Miezi mitatu mmenuniana kwa ajili ya shavu!

Siku ile ulipomwambia umeshaoa kimyakimya, ukasikia "Sikiliza wewe mjinga," kisha kimya. Mimi nilikuwa pale natia vifungo. Aliendelea robo saa nzima, hajui simu imekatika: "...umlete huyo mkwe wangu nimpime gauni." Alipoona hujibu, akaapa wewe ndiye uliyemkatia.

Kitambaa cha hilo gauni bado kakiweka juu ya kabati, paka asikilalie.

Njooni.

Dada yako, mtia vifungo