Msumari wa Kesho

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Na wifi yangu je, mgongo umepata nafuu? Binti yako mapengo yameziba? Sisi huku wazima, tatizo ni macho ya Mama tu. Daktari anasema jicho la kushoto limeshatanda ukungu na la kulia linafuata. Siku hizi uzi namtungia mimi.

Ulishangaa kusikia Mama anasoma Kiingereza. Hata mimi nilicheka. Akasema mjukuu wake hajui Kiswahili, basi atamfuata huko huko aliko. Akajiandikisha kwa yule mwalimu mstaafu tunayemwita Chaki, anayefundisha watu wazima jioni.

Nyakati za vitenzi ndizo zilizomtoa jasho. Siku moja alimwambia mteja kwa Kiingereza kwamba suruali yake itakuwa tayari jana. Mteja akasema afadhali yeye, mafundi wengine kila siku ni kesho, kesho. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Ndipo akayahamishia masomo ukutani. Unaikumbuka ile misumari mitatu: wa nguo zilizokwisha, wa inayoshonwa, na wa zilizokatwa zikingoja zamu. Akaiita wa jana, wa leo, wa kesho. Akishika nguo tu, kitenzi kinamjia chenyewe: nilishona, ninashona, nitashona. Chaki alimsifu mbele ya darasa, weee, siku hiyo hatukupumua humu ndani kwa majigambo yake!

Kwenye msumari wa kesho kulikuwa na gauni la manjano la binti yako. Mama alilikata kwa vipimo ulivyotuma ule mwaka uliosema mnakuja. Hakutaka kuliunganisha kabla hajamsimamisha mtoto kitini, ampimie pindo mwenyewe. Kila mwaka ukasema mwakani.

Basi juzi ukampa mtoto simu. Mama akamsimulia ya jana, akamuuliza ya leo, akamwahidi gauni. Hakukosea hata kitenzi kimoja, nami nipo pembeni nimeziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akajibu kwa furaha, mbio mbio, kama mvua juu ya bati. Mama hakuambulia kitu. Akabaki ndiyo, ndiyo, mpaka mtoto akachoka akakurudishia simu.

Akaniambia, "Nimejifunza kusema, mwanangu, sikujifunza kusikia. Na kusikia ndiko nilikokutaka." Tangu hapo hajakanyaga kwa Chaki.

Inaniuma, mdogo wangu. Laiti tungemfundisha mtoto japo maneno ya kusalimia, wewe huko na mimi kwa simu, alipokuwa bado anajifunza kusema. Mzigo wote tulimwachia mzee. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jana asubuhi alilishusha lile gauni, akalisogeza dirishani karibu kabisa na uso. Akasema ile sauti ya simuni ni ya msichana mkubwa, hili halimwingii tena. Akalitundika kwenye msumari wa jana, na vipande havijaunganishwa.

Sikuandikii kukulaumu. Njoo naye, hata kwa wiki moja, Mama angali analiona pindo. Msumari wa kesho sasa ni mtupu, na kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani, macho yangu yanaangukia hapo hapo.

Nisalimie wifi, na binti yako mbusu kwenye paji la uso. Mjomba na jirani yetu muuza vifungo wanawasalimu sana. Mungu awalinde njiani, maana nataka kuamini mtakuwa njiani.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Dada yako, Sindano