Insha Iliyoanza na Mwisho

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Mabega yanauma. Samaki tumeshusha, nimekaa kivulini na kalamu yangu ya biki. Ba Mwewa, mwalimu wetu wa darasa la watu wazima, ametupa insha ya Kiingereza: kwa nini samaki wanapungua Ziwa Mweru? Atakayewashinda wenzake ataombewa nafasi ya kusoma uvuvi. Nafasi moja tu! Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, kule kwetu Manono, ng'ambo ya mpaka. Nisipoipata hii, nitapiga maji kwa fimbo kwenye mtumbwi wa Ba Kafula, tajiri wangu, mpaka nizeeke.

Alhamisi, 5 Septemba
Ba Mwewa anataka plani kwanza: mwanzo, katikati, mwisho. Nimeandika, «Ziwa Mweru ni kubwa.» Halafu? Nikakata. «Mweru ni ziwa kubwa sana.» Nikakata. Bana Chabu, mke wa Ba Kafula, akapita na beseni. Akaniuliza, hiyo karatasi naiparuza magamba kama samaki, anipikie? Nacheka naye, maana nakula chungu chake na kulala nyuma ya nyumba yao.

Jumapili, 8 Septemba
Bado. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natafuta mwanzo.

Jumanne, 10 Septemba
Nimepata! Leo tulikuwa tunatumpula upande wa Kabuta. Wavu unategwa kwanza, halafu mimi nazunguka na mtumbwi nikipiga maji kwa fimbo, samaki wakimbilie huko. Nikajiuliza: nani anapiga maji kabla ya kutega? Ni mimi na insha yangu! Maneno yanakimbia, wavu hakuna.
Tuliporudi nikaandika mwisho kwanza, sentensi moja. Kila ninachojua nikakisukuma kuelekea pale. Yaliyokataa kuingia — mamba, ukubwa wa ziwa — nikayaacha yapite. Maharage hayajaiva, nimejaza kurasa mbili. Plani nimeichora baadaye, Ba Mwewa aione. Sijui kama ni udanganyifu.

Jumatano, 11 Septemba
Nimesoma tena ule mwisho. Nimeogopa. «Samaki wanapungua kwa sababu tunatumpula pale wanapozalia.» Nilitaka tu sentensi ya kuanzia — kumbe ndicho ninachoamini. Fimbo ni yangu. Mtumbwi ni wa Ba Kafula, na yeye ndiye anayechagua mahali.
Nikajaribu mwisho mwingine: mvua haitoshi. Kurasa zote zikalegea, kama wavu uliokatwa kamba ya juu. Nimerudisha ule wa kwanza.

Ijumaa, 13 Septemba
Ba Mwewa amesoma. Amesema plani yangu ni mama aliyezaliwa baada ya mutoto wake. Amejuaje? Nikamwambia ukweli, nikingoja hasira. Hakukasirika. Kila mutu na njia yake, anasema, mradi insha isimame.
Lakini kesho tunasoma mbele ya watu, na wavuvi wamealikwa. Yeye atatafsiri Kiingereza changu kwa Kibemba. Nikamwomba niache mstari wa mwisho.
«Usome yote, Florent, ama ukae chini.»
Ba Kafula ameshasikia kwamba kesho nasoma. Anaosha shati.

Jumamosi, 14 Septemba
Benchi ya nyuma, nangoja zamu. Patson, mwenzangu wa darasa, anasoma habari za mvua. Watu wanasinzia.
Bana Chabu amenipa samaki wa kukaanga ndani ya kitambaa. Eti mwenye njaa hutafuna maneno. Nimemweka mfukoni.
Ba Kafula amekaa mbele, shati la kanisani. Kabla ya kuanza aliwaambia wenzake, kwa sauti nisikie:
«Huyu wa nyuma ni mutoto wangu wa ziwani. Alikuja hapa hajui hata kushika kafi.»
Ni kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha.
Mwanzo niliuandika jana, baada ya vyote. Ni mzuri, unawasifu wavuvi wa Mweru. Ningeishia hapo wangepiga makofi. Lakini kila nikiutazama, jicho linashuka lenyewe mpaka mstari wa chini.
Patson amemaliza. Ba Mwewa ananiita kwa kichwa. Na Ba Kafula ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, asije akakosa hata neno —