Mtu Aliyekunjwa Nyuma ya Fremu

Mutsamudu, 2 Juni 1979

Chamsidine,

Mwizi ni mwizi hata akimwibia bibi yake. Salamu zitangoja. Nimekwenda arusini Mirontsy asubuhi, nimerudi alasiri, ukutani hakuna picha. Namuuliza dada yako Rahmati, ananiambia, "Koko, kaichukua Chamsidine, kapanda nayo meli ya Moroni." Ati kaichukua! Kama ndizi jikoni.

Ile ni picha ya baba yangu, Houmadi, ya vita vya Mjerumani. Imetoka Unguja nilikozaliwa, imevuka nami bahari tuliporudi kwetu. Tangu hujajua kutembea nakuonyesha: yule wa katikati, mwenye tepe tatu na bunduki, ndiye. Nilikuonyesha umjue, sikukwambia umhamishe.

Haya, salamu. Mzima? Unakula? Huko Mvouni kwa mjomba wako nasikia kuna baridi, vaa. Mimi goti linauma, mdomo hauumi.

Usiitoe ndani ya fremu. Herufi zangu za chuo cha Kurani zimekwenda kombo lakini zinasomeka: usiitoe. Irudishe.

Koko wako,
Saandia


Moroni, 14 Juni 1979

Kwezi, shikamoo Koko wangu,

Mimi mzima, nakula, sweta ninalo. Nisamehe. Ningeomba, ungekataa.

Nataka kuingia Walinzi wa Rais. Najua umeshakunja uso, maana wakubwa wao ni wale mamluki wa kizungu waliokuja mwaka jana na bunduki zao. Lakini kazi nyingine sijapata, na hawa wanalisha na kuvisha. Mzungu anayeandika majina aliniuliza, "Kwenu kuna askari?" Nikajibu kuna, tena sajini. Akasema, "Lete ushahidi, uje baada ya Idi."

Basi nikaipeleka picha kwa Oumouri, mpiga picha wa mtaa wa Badjanani, aitolee nakala. Yeye ndiye aliyefungua fremu, Koko, si mimi. Upande wa kushoto umekunjwa nyuma. Akaukunjua taratibu, akanitazama, akaangua kicheko: "We Chamsidine, ulipigwa picha lini na mzigo kichwani?"

Kuna mtu pale. Hana viatu. Kichwani ana ngata, juu ya ngata sanduku. Masikio ni yangu, paji ni langu. Sajini hafanani na yeyote kwetu.

Ni nani?

Mjukuu wako,
Chamsidine


Moroni, 10 Julai 1979

Kwezi, Koko,

Hujambo? Rahmati ameniandikia kwamba barua yangu ilifika, ukaisoma, ukaitia chini ya mkeka, na siku ile hukula. Sitaki ukae na njaa. Nataka unijibu. Mzungu ameniuliza mara ya pili.

Mjukuu wako,
Chamsidine


Mutsamudu, 1 Agosti 1979

Chamsidine,

Usinihimize. Mtu wa miaka sitini na tisa hahimizwi. Wazima sote, tumefunga, na wewe funga, usisingizie joto.

Ni baba yangu.

Unguja, watu wa visiwa vyetu vyote tuliitwa Wangazija, na Mngazija kule alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi. Karani, mwalimu, fundi. Mzigo alibebewa, hakubeba. Baba alikuwa mshona kofia. Mwaka wa kumi na saba Waingereza wakakamata wanaume wakawabebee vitu vya vita huko bara. Walimkuta njiani anakwenda kununua uzi. Hata kuaga hakurudi. Nilikuwa na miaka saba, na mama alimfunikia chakula siku tatu.

Alirudi baada ya mwaka na nusu, na picha hiyo, na kipara utosini mahali pa ngata. Mtaani kwetu walikwenda saba, wakarudi wawili. Baba hakuweza tena kushika sindano. Wenzangu chuoni wakaniimbia, "Binti mpagazi, baba yako punda wa nani?" Nikapigana nao, nikang'oa jino la mmoja, hawakuacha. Nilipofika miaka kumi na miwili nikaichukua picha, nikamkunja nyuma, nikamkandamiza kwa mgongo wa kijiko, nikaipeleka chuoni. Nikawaambia, "Huyu wa katikati ndiye baba!" Sajini yule simjui hata jina.

Mama aliona. Akaitia fremu vile vile. Na baba, Chamsidine, aliishi miaka tisa tena baada ya hapo. Kila siku alikaa chini ya picha ile akinywa chai yake. Hakuniuliza yeye yuko wapi.

Sasa sikiliza. Unakwenda kwa watu wale kwa uongo wangu. Damu ya askari huna. Na baba yangu alikamatwa. Wewe unajipeleka kwa miguu yako, tena kwa wazungu ambao hata serikali yao haikuwatuma. Kawaambie ukweli wakufukuze.

Koko wako,
Saandia


Moroni, 17 Agosti 1979

Kwezi, Koko,

Nafunga, usiwe na wasiwasi. Goti je?

Nilikwenda. Nikamwambia mzungu si sajini, ni mpagazi. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mpagazi? Vizuri zaidi, na mgongo huu hapa!" Akanigonga begani, akaliandika jina langu. Jumatatu baada ya Idi napewa zile nguo zao nyeusi.

Kisha akaitaka picha. Ana albamu ya askari wa zamani. Akasema ni nzuri, ila upande ule unaiharibu, niukate. Mkasi akanisogezea pale pale mezani.

Sikukata. Nikasema mikono yangu michafu, nitaileta Jumatatu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kazi naitaka, Koko. Niambie nifanye nini.

Mjukuu wako,
Chamsidine


Mutsamudu, 21 Agosti 1979

Chamsidine,

Umeuliza mwenyewe, usije ukasema hukuambiwa. Salamu zetu anazo jirani yetu Maanrifa, anapanda ndege kesho, na nimemwambia asikupe barua hii mpaka ukae kitako.

Hujui kwa nini hukukata? Unajua sana.

Jana wanawake walikuja kwangu kusoma Kurani. Tulipomaliza nikasimama na goti langu bovu, nikawaambia kwamba yule sajini wa miaka yote si baba yangu, baba yangu alibeba masanduku. Saoudat, ulimi wake unaujua, akasema, "Ndiyo maana shingo zenu fupi!" Wakacheka. Nikacheka na mimi, nikashangaa kuwa bado niko hai.

Kazi iko hapa. Inzoudine, yule msimamizi wa bandarini, anatafuta mtu wa kupokea mizigo. Ndiyo, mizigo. Utabeba, na jioni utarudi kwenu kula.

Mzungu asipate hata kipande cha picha. Usimkate mtu. Hata sajini usimkate, naye alizaliwa na mama. Kabla ya Jumatatu uwe kwenye meli, picha kifuani, imekunjuliwa. Ukifika usije kwangu kuomba radhi, hatuna nafasi hiyo. Pita kwanza kwa Djoumoi seremala akupimie fremu pana. Kisha wakusanye wadogo zako uwaonyeshe baba yangu kwa kidole chako wewe. Changu kimeshawadanganya.

Koko wako,
Saandia binti Houmadi, mpagazi