Maharagwe ya Mama

Mbuya, Kampala
14 Juni 2016

Mpendwa Shangazi Esperance,

Bwana asifiwe. Mguu wako unaendeleaje? Mvua imeacha kupenya turubai huko kambini? Na mjukuu wako Tresor, amepona malaria? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia tu.

Unakumbuka zile mbegu za maharagwe ya marehemu Mama ulizokimbia nazo kwenye pindo la kitenge chako, ukanigawia ishirini? Hapa maabara tunasoma jeni za mimea, kisha tunazituma kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo dunia nzima huifungua. Nilimwomba mkubwa wangu, Dakta Oloya, tuyaweke na ya Mama. Shamba limekwisha, kijiji kimekwisha. Angalau haya yabaki.

Nilizisaga zote. Zote ishirini, Shangazi! Wiki nzima nilijaza fomu: mmea gani, umetoka wapi, nani aliulima. Penye jina la mbegu niliandika jina la Mama, kama kwetu tunavyoiita mbegu kwa mwanamke aliyeileta. Nikatuma, nikaimba njia nzima hadi nyumbani.

Jana jibu likaja. Wamekataa. Jeni nilizotuma si za maharagwe, ni za kuvu iliyoota kwenye mbegu.

Kosa ni langu. Mama alitundika mbegu juu ya moshi wa jiko, na hazikujua mdudu wala unyevu. Mimi hapa mjini napikia sigiri ya makaa barazani, nikaona moshi ni mambo ya kizamani. Nikazitia kwenye kopo la plastiki nililonunua sokoni Kikuubo, nikalifunga kabisa, nikalisukuma chini ya kitanda miezi minane. Eti mimi ndiye msomi! Mama hakujua kusoma, na asingefanya ujinga huo.

Dakta Oloya hakunifokea. Alisema tu, "Basi lete nyingine, Mbambu." Afadhali angenifokea. Fomu bado iko wazi mbele yangu. Jina la Mama lipo, na chini yake hakuna kitu.

Najua zako mlizipika njiani watoto walipolia njaa, wala sikulaumu hata kidogo. Lakini nakusihi, fumua kile kitenge, pindo lote. Ukipata hata punje moja, itundike juu ya moshi. Usiniletee mimi.

Nisalimie binamu Guerschom na umbusu Tresor. Mungu awafunike nyote, nawe uniombee msamaha kwa Mama.

Wako akupendaye, ingawa nimekuaibisha,
Mbambu