Kura ya Zainabu na Shamba la Juu

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeokota korosho tangu alfajiri, safu ya barabarani tu. Mgongo umegoma. Mwaka jana wakati huu tulikuwa kundi zima chini ya mikorosho hii, tunataniana, vijana wanakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, mimi nawapikia. Mwaka huu hakuna aliyekuja. Sikumwalika mtu, nisije nikakataliwa.

Zainabu kapiga simu. Mwanangu sasa ni raia wa Marekani, kazi yake kutunza wazee. Anasema karatasi za kura wanaletewa nyumbani. Kwenye jimbo lake wanaulizwa pia jambo la bangi: iruhusiwe au isiruhusiwe. Iuzwe dukani kwa watu wazima, kwa leseni na kodi, kama bia. Amejaza kote, hapo amepaacha wazi. "Mama, kaka yangu yuko ndani kwa hiyohiyo. Niambie wewe."

Nimemwambia nitafikiri. Baada ya kukata simu nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Mwanamke wa Chilangala, huku Newala, anaulizwa sheria ya Wamarekani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naichukia bangi. Niandike hivyo kwanza. Naichukia harufu yake, naichukia na ile hali ya mwanangu Saidi kukaa akicheka na ukuta. Lakini hakuwahi kumgusa mtu.

Aliipanda shamba la juu, katikati ya mikorosho. Akawa anasema shamba lile nimwachie, atafyeka mwenyewe. Mwezi wa sita kaka yangu Bakari akaona mpwa wake mvivu, nyasi zimezidi, korosho zikianguka zitapotelea humo. Akakusanya majirani wakamfyekee bila kumwambia, wamfurahishe. Wema mtupu. Wakafyeka mpaka wakaikuta.

Kaka ndiye aliyemwita mtendaji wa kijiji. Saidi akakiri mahakamani. Miaka aliyopewa mimi sitaimaliza.

Tangu hapo shikamoo yangu kwa kaka ni ya njiani tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kaka alikuja. Hakukaa. Kumbe Zainabu kampigia na yeye. Sishangai. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake.

"Mtoto nimeshamjibu, Mama Zainabu. Akatae. Aibu ya mara moja inatutosha."

Nikasema sawa, kaka. Sawa! Nimejichukia mpaka nimeunguza mboga. Nimeila hivyohivyo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Masasi, gerezani. Saidi amekonda. Kanyolewa, masikio yamekuwa makubwa kama alipokuwa mdogo. Nilimweleza kura ya dada yake. Akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo ikipita, wa huko hawafungwi?"

Nikasema ndivyo nilivyoelewa. Nilidhani atauliza zaidi, akauliza shamba la juu nani anaokota. Nikamwambia majirani wamejaa, mjomba wako naye yumo, karibu tunamaliza. Akacheka kwa furaha. Uongo umenitoka laini, sijui niliutoa wapi.

Shamba la juu sijalikanyaga tangu mwezi wa sita. Kwenye basi, tunapanda kuja Newala, nimelia. Mama niliyekaa naye akageukia dirishani. Nilishukuru.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimempigia Zainabu. Nimemwambia aseme ndiyo.

Akauliza, "Na mjomba?"

Nikamwambia mjomba ana neno lake, hili ni langu. Sijawahi kumpinga kaka tangu nizaliwe. Sikumsifia bangi, nimemwambia bado naichukia. Lakini huko nako yupo mama mwenye mtoto kama Saidi. Huyo mtoto alale kwao.

Akasema kalamu anayo mkononi. Nikasikia karatasi. Kisha akaanza kuniuliza habari za kuku.

Jumanne, 29 Oktoba

Kisima cha mvua kimebaki tope. Nimenunua maji ndoo moja, nimeoga kwa kikombe. Redio imekufa. Hakuna aliyepita leo. Nimeongea na kuku.

Jumatano, 6 Novemba

Huko wamepiga kura jana. Simu nimeiweka juu ya jamvi, pembeni ya korosho zinazokaukia hapo. Haikulia. Nimeokota vibaya, nusu nimeziacha kwenye majani.

Alhamisi, 7 Novemba

Haikupita.

Zainabu kaniambia pole mama, kama vile mimi ndiye niliyegombea. Najua Saidi hakuwa ndani ya kura ile. Nilijua tangu mwanzo. Bado imeniuma.

Jioni kaka kapita. Shikamoo. Marahaba. Leo akasimama.

"Nimesikia ulimwambia mtoto ndiyo."

"Nilimwambia."

Nikangoja anifokee. Akatazama upande wa shamba la juu, akasema korosho za kule zinaharibika chini. Akaenda zake. Hakusema atakuja. Sikumwomba.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda shamba la juu na tenga langu. Nyasi zimerudi kidogo. Pale walipoing'oa bangi udongo bado uko wazi, hata magugu hayajapataka. Korosho zimelala chini ya majani, mabibo yake yameoza yananuka uchachu. Mikorosho ya kule ni michache. Nimeianza mmoja mmoja, nimekaa chini nilipochoka, nimemaliza jua likiwa limeshainama. Nyingine mbovu. Nyingi nzuri.

Kesho nakwenda Masasi. Saidi akiuliza shamba la juu, nitamwambia limeokotwa lote.

Akiuliza tulikuwa wangapi, nitasema wengi.