Jino la mtoto usiliguse

Mwanangu, chakula kimefunikwa jikoni. Binti yako amelala. Akiamka mpe kitu laini, asing'ate kwa mbele.

Uzi wako wa kwenye kitasa nimeutupa. Mtu mzima mwenye ndevu hujui jino la utoto na la kudumu! Hilo aliloligonga shuleni ni la kudumu, nawe asubuhi ulitaka kuling'oa kwa mlango. Daktari kasema mzizi wake bado mchanga. Leo amelisafisha ndani. Tukirudi kwake ataichokoza damu kidogo ya chini ya mzizi ipande, igande humo, na Mungu akijalia mzizi utaendelea kukua. Ukilivuta, hatuna jino.

~~Leo ukalale kwa dada yako.~~ Haya, lala hapa, mtoto anakuulizia.

Nimeenda kusali. Nitakuombea msamaha wa Mungu. Wangu usubiri kwanza.

Mama yako